Miguu Imevimba: Barabara ya Namugongo na Watu Wake

Haya wadau, nimerudi. Najua kijiwe kimekaa kimya wiki mbili na ushee, na wengine mmeshaanza kunitania kwenye meseji kwamba jamaa kadisko kimyakimya. Sijadisko (bado!). Nilikuwa njiani. Na sio njiani ya kugombania daladala pale Mwenge, namaanisha njiani kwa miguu, kutoka Mutukula mpakani mpaka Namugongo kule Uganda, kilomita 200 na ushee, kwenda kwenye sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni.

Nimeingia rumu usiku wa juzi nikitembea kama bata. Mwenzangu wa rumu, ambaye hapa hosteli tunamwita Ustaadh, akaangalia miguu yangu halafu akaniangalia mimi.

"Kulikoni bwana?"

"Nimetoka hija."

"Hija? Bila ndege?" Akacheka. Nikamweleza: Namugongo, Mashahidi, Karoli Lwanga, moto, na yote ninayoyajua tangu mafundisho ya komunyo ya kwanza. Akanisikiliza vizuri, ana adabu yule jamaa, halafu akauliza swali lililonikosesha usingizi kuliko malengelenge: "Namugongo si ndiko walikouawa Waislamu?"

Nikamjibu hapana, ni Wakristo. Na mimi ni mwaka wa pili, historia! Nikajua nimepotea pale aliponitazama kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mwenzake anayejibu swali ambalo halipo kwenye desa. Kwa hiyo leo sitawapa picha za safari wala hadithi za chakula (kidogo tu). Nataka niiandike hii habari upya, na safari hii niiandike kwa kufuata barabara.

Kwanza, kwa nini nilikwenda. Mama yangu ametembea hija hiyo mara mbili na kikundi cha parokia yetu huko Kagera. Mwaka 2020, korona ilipozuia mahujaji, alikuwa anatembea kila alfajiri kutoka nyumbani hadi kanisani na kurudi, akijihesabia siku. Mwaka huu akanipigia: "Mwanangu, magoti yamegoma. Nenda ukanitembelee ile njia." Ana nadhiri yake, ni ya mdogo wangu, na mambo hayo ni ya familia. Nikamwambia mama nina testi. Akasema, "Sawa, soma." Basi. Hakuongeza neno. Wenye mama wa namna hiyo mnajua kwamba "sawa" ya hivyo haina jibu. Siku tatu baadaye nilikuwa kwenye basi la Bukoba.

Sasa twende kwenye historia.

Hapa chuoni wanasiasa wakija kutuhutubia wanatuita "wasomi", na sisi tunavimba vichwa. Buganda ya miaka ya 1870 na 1880 neno hilo lilikuwa na uzito mwingine kabisa. Walioshika dini mpya waliitwa abasomi, yaani wasomaji, na mpaka leo kwa Kiganda okusoma ni kusoma na pia ni kusali. Wa kwanza kuitwa hivyo hawakuwa Wakristo. Uislamu ulifika pale mapema kuliko misheni zote, umeletwa na wafanyabiashara kutoka pwani, na Kabaka Mutesa wa Kwanza mwenyewe aliupenda, akafunga Ramadhani, akajenga msikiti. Ila hakutahiriwa, maana mila ilikataza damu ya Kabaka kumwagika. Vijana wa ikulu waliokuwa wamejifunza dini vizuri wakaanza kumwona ana kasoro. Wakakataa nyama iliyochinjwa na wachinjaji wake, kwa sababu hawakuwa wametahiriwa, na wakasusia sala anayoongoza yeye. Kwa mfalme, kijana wa jikoni kukataa nyama yako sio suala la fikihi. Ni uasi. Mwaka 1876 akaamuru wauawe, na hesabu inayotajwa zaidi ni watu wapatao 70 waliochomwa moto. Wapi? Namugongo.

Kwa hiyo Ustaadh alikuwa sahihi. Na kumbe hata kosa lenyewe linafanana: vijana waliokaa karibu kabisa na mfalme, wanaomlisha na kumlinda, wanamwambia kuna amri iliyo juu ya amri yako. Miaka 10 baadaye yakajirudia yaleyale, ila kitabu kilikuwa kingine.

Waanglikana wa CMS walifika mwaka 1877. Wakatoliki, yaani Mapadre Weupe, walifika Februari 1879, na mtu wao mkubwa alikuwa Padre Simeon Lourdel, ambaye Waganda walishindwa kutamka "mon père" wakamwita Mapeera. Kitu kimoja ambacho watu wengi wanakipita haraka: mwaka 1882 hao mapadre waliondoka Buganda, wakavuka kusini ya ziwa, wakakaa Bukumbi, upande wa Mwanza. Walirudi 1885. Miaka karibu mitatu hakuna padre, na Wakristo hawakupungua, waliongezeka, wakiongozwa na wenyeji kama Yosefu Mukasa Balikuddembe ndani ya ikulu, Andrea Kaggwa aliyekuwa mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, na Matia Mulumba Kalemba. Huyo Mulumba mkumbukeni, nitamrudia.

Mutesa alifariki Oktoba 1884, akaingia mwanawe Mwanga, kijana wa miaka kama 18. Umri wa fasti yea, jamani. Mnakumbuka fasti yea tulivyokuwa na akili? Sasa mpe huyo ufalme, mpe mawaziri wazee wanaomwogopesha, halafu mletee habari kutoka pwani kwamba Wajerumani wanachukua nchi. Wazee walikuwa wanasema atakayeimeza Buganda atakuja kutoka mashariki, kwa njia ya Busoga, mlango wa nyuma. Ndiyo njia aliyokuja nayo Askofu Hannington wa Waanglikana, bila kujua. Akauawa Busoga, Oktoba 1885. Balikuddembe akamkosoa Kabaka kwa kumuua mgeni bila hata kumsikiliza, na Novemba 15 akauawa yeye, pale Nakivubo. Nafasi yake ya kusimamia vijana wa ikulu ikachukuliwa na Karoli Lwanga, kijana aliyekulia Buddu, ambaye alibatizwa usiku wa siku hiyohiyo aliyokufa bosi wake. Hebu fikiria kubatizwa siku hiyo.

Lakini kabla yao wote, Januari 31, 1885, walikuwa wameshauawa vijana watatu wa Kianglikana: Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, huko Busega, karibu na Natete. Ukitoka Masaka kwa miguu, unaingilia Kampala kupitia hapohapo Busega. Sisi tulipita saa nne asubuhi, na magari ya abiria yanatupigia honi, na kikundi chetu cha Wakatoliki kinaimba litania ya Mashahidi. Majina ya hao watatu hayamo kwenye litania yetu. Tuliwapita tu.

Haya, Mei 1886. Kabaka alikuwa Munyonyo, ufukweni mwa ziwa, kwenye makazi yake ya huko. Mei 25 akarudi kutoka kuwinda viboko, hana alichopata, anakuta vijana wake hawapo. Wako wapi? Mmoja, Dionisi Ssebuggwawo, alikuwa anamfundisha dini mtoto wa Katikkiro mwenyewe, yaani waziri mkuu. Kabaka akampiga mkuki. Usiku huo Lwanga akawabatiza wanne waliokuwa hawajabatizwa, akiwamo Kizito, mdogo kuliko wote, wa miaka kama 14. Asubuhi Kabaka akaamuru wanaosali wajitenge upande mmoja. Lwanga akatangulia, na wenzake wakamfuata.

Sababu hasa ni ipi? Kwenye semina zetu hapa watu wanagombana. Kuna wanaosema ni usafi wa moyo, vijana walimkatalia Kabaka matakwa yake ya kimwili, na ushahidi wa waliopona unasema hivyo. Kuna wanaosema ni siasa tupu, hofu ya wazungu. Mimi nadhani tunachagua kitu ambacho Mwanga mwenyewe hakukichagua. Kwake yeye kijana wa ikulu ni mali ya Kabaka, mwili na roho, na kukataliwa kitandani, kukataliwa amri na kuletewa wazungu mlango wa nyuma yalikuwa tusi moja. Na hakuua kila mtu. Apolo Kagwa alipigwa akaachwa, na baadaye akaja kuwa Katikkiro kwa zaidi ya miaka 30. Bahati tu? Sijui kama "bahati" ndilo neno. Kwenye orodha ya waliokufa pia wapo ambao hawakuwa vijana wa ikulu: mfinyanzi, mlinzi, mpiga ngoma, naibu wa chifu.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Tarehe 3 Juni ni siku ya moto. Ukifuata kalenda peke yake utadhani walikufa wote siku moja mahali pamoja. Sivyo kabisa. Baadhi yao walifia kwenye kutembea. Kutoka Munyonyo kwenda Namugongo wafungwa walitembezwa kwa miguu, wamefungwa pamoja, na ilikuwa desturi ya wanyongaji kuua baadhi yao njiani, kwenye njia panda. Kaggwa aliuawa palepale Munyonyo, Mei 26. Ponsiano Ngondwe akachomwa mkuki siku hiyohiyo, njiani. Atanasi Bazzekuketta Mei 27, Nakivubo. Gonzaga Gonza naye Mei 27, huyu minyororo ilikuwa imemla nyama za miguu hata hawezi tena hatua moja, wakammaliza kwa mkuki alipoangukia. Nowa Mawaggali, yule mfinyanzi, aliuawa Mityana, Mei 31. Na wa mwisho, Yohane Maria Muzeeyi, aliuawa Januari 1887, miezi saba baada ya moto.

Habari ya Gonza nimeisoma mara nyingi. Sikuielewa mpaka siku ya nne, kati ya Lukaya na Kayabwe, kwenye lile bwawa la Lwera ambapo barabara imenyooka kama rula, malori ya mchanga yanapita yanakutikisa, na hakuna mti wa kukaa chini yake. Soksi ya kulia ilikuwa imegandana na damu. Nilikuwa na viatu vya raba, maji ya chupa, na kina mama wawili wanaonivuta kwa maneno. Kiongozi wetu, katekista mstaafu tuliyekuwa tunamwita Ta kwa heshima ya kwetu, akanikalia chini, akatoboa lengelenge kwa sindano na uzi, akasema, "Gonza hakuwa na sindano." Akainuka akaendelea. Nilikasirika sana, halafu nikatembea.

Sasa Mulumba. Matia Mulumba Kalemba alikuwa mtu mzima, kama miaka 50, naibu wa chifu mkubwa wa Ssingo. Walipofika naye kilima cha Kampala ya Kale, aliwaambia hana sababu ya kwenda mpaka Namugongo, wamuulie palepale. Wakamkata mikono na miguu, wakamwacha. Ilimchukua siku tatu kufa, mpaka Mei 30. Hayo nilifundishwa. Ambalo sikufundishwa ni maisha yake ya kabla. Mulumba alianza kuwa Mwislamu. Akaufuata Uislamu kwa dhati, kisha walipokuja Waanglikana akasoma kwao, kisha akaenda kwa Mapadre Weupe akabatizwa mwaka 1882. Mtu mmoja, dini tatu zote za abasomi, kila mara akitafuta. Na juu ya kilima hicho hicho cha Kampala ya Kale leo umesimama Msikiti Mkuu wa Taifa wa Uganda, unauona toka mbali mno ukiingia mjini.

Waliofika Namugongo walisubiri wiki nzima kuni zikusanywe. Tarehe 3 Juni 1886 ilikuwa Alhamisi, sikukuu ya Kupaa Bwana. Lwanga alitengwa akachomwa peke yake kwanza, kwa moto wa polepole. Wengine wakafungwa kwenye mikeka ya matete, wakapangwa juu ya kuni. Mbaga Tuzinde alikuwa ndugu wa mkuu wa wanyongaji, Mukaajanga, ambaye alimbembeleza mpaka dakika ya mwisho akane tu kwa mdomo, na aliposhindwa akaamuru apigwe rungu kabla ya moto ili asisikie maumivu. Siwezi kusema huyo mzee alikuwa na moyo gani kesho yake. Vijana watatu walisamehewa dakika za mwisho, na wao ndio waliosimulia.

Wakatoliki na Waanglikana walichomwa kwenye kuni moja. Leo basilika ya Wakatoliki iko pale alipochomwa Lwanga, na hekalu la Waanglikana liko Nakiyanja, hapo karibu tu, pale ambapo kundi kubwa liliungulia. Maana yake majivu ya Wakatoliki wengi yako kwa Waanglikana. Roma iliwatangaza 22 kuwa wenye heri mwaka 1920, ikawafanya watakatifu Oktoba 18, 1964, na Papa Paulo wa Sita siku hiyo aliwataja pia wale wa Kianglikana, ambao hesabu yao ya kawaida ni 23. Mwaka 1969 akaja mwenyewe Namugongo, papa wa kwanza kufika Afrika katika nyakati zetu. Basilika ile yenye umbo la nyumba ya msonge, na nguzo 22 kuizunguka, ilitabarukiwa Juni 3, 1975.

Kwa nini basi nyumba mbili? Hapa barabara yetu ya Mutukula inaanza kuzungumza, na hiki ndicho kitu ambacho hakuna mtu aliwahi kuniambia, wala Ta, wala mama, wala lekcha yoyote.

Moto ulizimika 1886. Mwanga alipinduliwa 1888, na mnajua alikimbilia wapi mwishowe? Bukumbi. Kwa mapadre walewale. Walimpokea, wakampa hifadhi, na Wakristo walewale aliowachomea wenzao ndio waliomrudisha kwenye kiti. Ukisimulia hivyo utadhani imekwisha vizuri. Lakini Januari 24, 1892, palepale Mengo, Wakatoliki na Waanglikana wa Buganda walipigana vita, wao kwa wao. Lugard, mtu wa kampuni ya Waingereza, akaingiza mizinga yake ya Maxim upande wa Waanglikana. Wakatoliki wakashindwa. Miaka sita haijatimia! Kulikuwa na watu kwenye vita ile waliowajua wale waliofungwa kwenye mikeka pamoja. Baada ya vita Wakatoliki wakasukumwa Buddu, yaani nchi ya Masaka, na ndio maana mpaka leo ukipita Kyotera na Masaka kila kilima kina kanisa katoliki na watu wanatoka majumbani na madumu ya maji kukwambia "mukulike".

Na Askofu Hirth, mkuu wa Wakatoliki, akakimbia kuja kusini zaidi, upande wa Wajerumani, Bukoba. Mwaka huohuo wa 1892 ikaanzishwa misheni ya Kashozi, ya kwanza Kagera. Kashozi! Nyumbani kwetu ndiko tunakosema imani ilitokea. Nimekua nikisikia "wamisionari walituletea dini", kana kwamba waliamka siku moja wakaamua kututembelea. Kumbe walikuwa wakimbizi wa vita ya Wakristo kwa Wakristo. Dini ya bibi yangu ilishuka kwenye upande huu wa ziwa ikiwa inakimbia, na mimi nimepanda nayo kurudi, siku nane, naimba.

Hata Mwanga kapita upande huu tena. Mwaka 1897 aliwaasi Waingereza, akapigana nao hukohuko Buddu, akashindwa, akakimbilia kwa Wajerumani, wakamweka Mwanza. Akatoroka, akakamatwa 1899, akapelekwa Visiwa vya Shelisheli, akafia huko 1903. Alikufa amebatizwa, jina lake Danieri. Kila nikifika hapa nashindwa niweke uso gani.

Usiku wa tarehe 2 tulilala nje Namugongo, kwenye nyasi, maelfu kwa maelfu. Kulikuwa na kikundi cha Wakenya walioanza kutembea wiki mbili kabla yetu, wana bendera na kengele, na Wakongo wanaoimba Kiswahili chao kile kitamu mpaka usiku wa manane. Mahindi ya kuchoma bei ya kiharamia. Watu wanachota maji ya ziwa dogo la pale kwenye vidumu kupeleka nyumbani, mama kaagiza lita tano na nimezibeba, mniulize mgongo. Asubuhi misa, jua, miavuli, viongozi wa serikali kwenye mahema, na hotuba ndefu ambazo sitazisimulia. Jimbo lililopewa zamu ya kuandaa mwaka huu lilifanya kazi nzuri ya nyimbo. Litania ilipofika kwa Mulumba nilisikia koo limekaza.

Nilichofanya kabla ya kuondoka ni kumuuliza boda boda mmoja kama kuna msikiti wa mashahidi wa Kiislamu hapo Namugongo. Akanijibu bila kushangaa, kama nimeuliza duka la dawa, akanionyesha kwa kidole. Hapana, msidhani nilikuwa mjanja. Sikuwa najua lolote bado, niliuliza kwa sababu niliona mnara nyuma ya miti na nilikuwa nimechoka kusubiri basi. Akasema "mashahidi" kwa namna ileile tunayosema sisi, nikaitikia kwa kichwa bila kuelewa, nikapanda basi. Ndio maana swali la Ustaadh lilinipata pabaya: nilikuwa nimeshaambiwa, na nikapita tena kama nilivyopita Busega.

Jana usiku tukakaa naye tukachora barabara kwenye karatasi ya grafu: Munyonyo, Mengo, Nakivubo, Kampala ya Kale, Namugongo. Yeye akaandika 1876 kwa kalamu nyekundu, mimi nikaandika 1885, 1886 na 1892. Akaniuliza kama Mulumba alipokuwa Mwislamu aliwafahamu wale wa 1876. Hilo ni swali la tasnifu bwana, nikamwambia aliache, nimeliwahi mimi.

Mama nimempigia. Nikamweleza habari ya Hirth na Kashozi, akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe tulikuwa tunawarudisha." Halafu akauliza kama maji yamemwagika. Hayajamwagika.

Kuhusu testi: mwalimu kakubali nirudie, baada ya kuniweka mlangoni robo saa na kuniuliza kama hija ipo kwenye sheria za chuo. Ni Jumatatu saa mbili asubuhi, ghorofa ya tatu, na lifti ni mbovu. Mwenye desa la wiki ya tisa na ya kumi anipitishie, na anayepajua pa kununua dawa nzuri ya malengelenge karibu na geti aniachie ujumbe.